Mkoa una wilaya, lakini nani anayeandika? Mpanda, Rukwa na upande unaobeba uhusiano

Tuanze na hesabu ndogo. Sensa ya mwaka 2002 iliukuta Mkoa wa Rukwa ukiwa na watu zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya mwaka 2012 ikaukuta una watu 1,004,539. Yaani miaka kumi imepita, Tanzania nzima watu wameongezeka kwa mamilioni, halafu Rukwa imepungua kwa zaidi ya laki moja. Kama hujawahi kufika Ufipa unaweza kudhani kulitokea njaa kubwa, au vijana wote walipanda basi kwenda Mbeya na Dar.

Hakukuwa na janga lolote. Machi 2012 Wilaya ya Mpanda iliondolewa Rukwa, ikawa Mkoa mpya wa Katavi. Sensa ikafanyika Agosti mwaka huohuo. Katavi ilihesabiwa watu 564,604. Jumlisha na wale wa Rukwa: unapata 1,569,143. Kwa hiyo eneo lilelile lililoitwa Rukwa mwaka 2002 lilikuwa limeongezeka watu zaidi ya laki nne.

Mpanda haikusogea hata hatua moja. Milima, mito na watu vilibaki palepale. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya Mpanda na mkoa wake, na uhusiano huo, kama uhusiano wowote unaowekwa kwenye kumbukumbu, ulikuwa umeandikwa mahali fulani. Makala hii inahusu hilo "mahali fulani". Wanaotengeneza hifadhidata wamelipa jina: upande mmiliki wa uhusiano. Ni dhana inayowatesa wanafunzi wengi wa kompyuta, nikiwemo mimi, na nadhani inatutesa kwa sababu tunafundishwa kanuni bila kuambiwa historia yake.

Mpanda iliyorudi nyumbani

Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza nilikwenda Sumbawanga kwa mafunzo kwa vitendo. Ilikuwa Juni. Anayejua baridi ya Ufipa mwezi wa sita ananielewa: asubuhi vidole havitaki kugusa kibodi. Nilipewa kazi ya kutengeneza programu ndogo ya kuorodhesha vituo vya afya kwa wilaya na mkoa. Niliandika kwa lugha ya Java, na kazi ya kuzungumza na hifadhidata niliiachia zana iitwayo Hibernate.

Orodha niliyopewa ya kujaribia ilikuwa ya zamani. Ilionyesha Rukwa ikiwa na wilaya nne: Sumbawanga Mjini, Sumbawanga Vijijini, Nkasi na Mpanda. Nikasema sawa, ngoja niihamishe Mpanda kwenda Katavi. Nikaandika mstari mmoja:

katavi.getWilaya().add(mpanda);

Maana yake: chukua Katavi, fungua orodha ya wilaya zake, ongeza Mpanda. Nikahifadhi. Nikaiambia programu inionyeshe wilaya za Katavi, nayo ikanionyesha Mpanda. Safi kabisa. Nikafunga, nikaenda kula.

Niliporudi na kuiwasha upya, Katavi ilikuwa tupu. Mpanda ilikuwa imerudi Rukwa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, hakuna chochote. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu Mpanda ilirudi kwao. Nilipoteza siku mbili nikiamini kompyuta ina hitilafu.

Jibu nililipata nje ya kompyuta. Siku ya tatu nilipelekwa kwenye zahanati moja nje ya mji nikaone jinsi taarifa zinavyokusanywa. Huko nikamkuta mama mmoja anayetunza kumbukumbu. Mbele yake kulikuwa na vitabu vya MTUHA, ule Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya ulioanza nchini miaka ya tisini mwanzoni. Kila mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu chake, kila mjamzito kwenye kitabu chake, na mwisho wa mwezi vinajumlishwa kwenye fomu ya kwenda wilayani. Juu kabisa ya fomu kuna nafasi za kujaza: jina la kituo, wilaya, mkoa.

Nikamuuliza, "Shikamoo mama. Hivi huko mkoani wanajuaje kwamba zahanati hii ni ya kwao?"

"Marahaba mwanangu. Si sisi tunaandika hapa?" Akagusa ile nafasi ya juu kwa kalamu. "Mkoa hautuandiki. Sisi ndio tunauandika mkoa."

Nilirudi mjini nikafuta ule mstari wangu, nikaandika mwingine:

mpanda.setMkoa(katavi);

Nikafunga, nikawasha upya. Mpanda ikakaa Katavi.

Zamani mmiliki alikuwa mkubwa

Kwa nini iwe hivyo? Akili ya kawaida inasema mkoa ndio unaomiliki wilaya, kwa hiyo mkoa ndio ungebeba orodha. Na kweli, hifadhidata za kwanza zilijengwa hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Charles Bachman akiwa katika kampuni ya General Electric alitengeneza mfumo ulioitwa IDS, mmoja wa mifumo ya kwanza kabisa ya hifadhidata. Mawazo yake yaliingia katika mapendekezo ya kamati iliyoitwa CODASYL, ambayo kikundi chake cha hifadhidata kilitoa ripoti mwaka 1969 na 1971. Humo uhusiano uliitwa seti, na kila seti ilikuwa na pande mbili: mmiliki na wanachama. Mmiliki alikuwa yule mmoja aliye juu, wanachama ni wale wengi walio chini. Kwa mfano wetu, Rukwa ni mmiliki, wilaya zake nne ni wanachama.

Ndani ya mashine, uhusiano huo ulikuwa mnyororo. Rekodi ya Rukwa ilishika anwani ya wilaya ya kwanza, wilaya ya kwanza ikashika anwani ya pili, hivyohivyo hadi ya mwisho, ambayo ilimrudia mmiliki. Ukitaka kuipata Nkasi unaanzia Rukwa, unafuata mnyororo pingili moja baada ya nyingine. Bachman alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, mhadhara wake ulimfananisha mwanaprogramu na nahodha anayesafiri ndani ya data. Mfumo ulikuwa na kasi, lakini ilikubidi uijue njia. Njia ikibadilishwa, programu zote zilizoizoea zinapotea.

Hapa tulikumbuke neno "mmiliki". Katika ulimwengu wa Bachman lilimaanisha mkubwa.

Codd anageuza meza

Mwaka 1970 mtaalamu wa hisabati wa kampuni ya IBM, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi California, alichapisha makala iliyopendekeza kitu tofauti. Hakuna mnyororo, hakuna anwani za kufuata. Data yote ikae kwenye majedwali, na uhusiano uonekane kwa thamani zilizoandikwa wazi ndani ya majedwali hayo.

Tuchukue jedwali la wilaya kabla ya 2012:

Sumbawanga Mjini – Rukwa
Sumbawanga Vijijini – Rukwa
Nkasi – Rukwa
Mpanda – Rukwa

Kila wilaya ina mstari wake, na kila mstari una chumba kimoja cha mkoa. Chumba hicho ndicho tunachokiita ufunguo wa kigeni: kinataja mstari ulio kwenye jedwali lingine, jedwali la mikoa. Ukitaka wilaya za Rukwa, huendi Rukwa kuomba orodha. Unauliza jedwali la wilaya: nani ameandika Rukwa?

Sasa jaribu kufanya kinyume. Uweke orodha ya wilaya ndani ya mstari wa Rukwa. Utaiweka wapi? Codd alitaka kila chumba cha jedwali kiwe na thamani moja tu. Wilaya nne haziingii kwenye chumba kimoja. Ukitengeneza vyumba vinne, ikizaliwa ya tano umekwama. Lakini wilaya ina mkoa mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo jibu lake linaingia kwenye chumba kimoja bila shida. Ndiyo maana katika majedwali uhusiano unabebwa na upande wa wengi. Haihusiani na cheo. Inahusiana na nani ana nafasi ya kuandika jibu moja.

Mwaka 1974 Codd na Bachman walikutana kwenye mkutano wa kitaalamu huko Ann Arbor, Marekani, kwa mdahalo ambao watu wa fani hii wanaukumbuka hadi leo. Mwaka huohuo, huku kwetu, serikali iliunda Mkoa wa Rukwa. Sumbawanga ilitolewa Mbeya, Mpanda ikatolewa Tabora, zikaunganishwa. Kwa lugha ya Codd: badilisha chumba cha mkoa kwenye mistari husika, basi. Kwa lugha ya Bachman: kata pingili kwenye mnyororo wa Mbeya, kata nyingine kwenye mnyororo wa Tabora, unga mnyororo mpya. Kadiri miaka ilivyokwenda, majedwali yalishinda.

Halafu zikaja objekti

Kama hadithi ingeishia hapo, mimi nisingepoteza siku mbili. Tatizo ni kwamba wakati majedwali yanashinda kwenye hifadhidata, lugha za programu zilikuwa zinaelekea upande mwingine. Lugha kama Java zinafikiri kwa objekti. Objekti ya Mkoa inaweza kushika orodha ya wilaya zake. Objekti ya Wilaya inaweza kuushika mkoa wake. Zote mbili kwa pamoja, na hakuna anayekataza.

Kiswahili chenyewe kinafikiri hivyo. Tunasema "mkoa una wilaya", na pia "wilaya ina mkoa wake". Huko "kuwa na" ni kuwa pamoja tu. Hakukuambii kalamu iko mkononi mwa nani.

Kwenye jedwali, hata hivyo, kuna chumba kimoja tu. Objekti zinasema jambo moja mara mbili, jedwali linaliandika mara moja. Zana zinazotafsiri kati ya dunia hizi mbili ilibidi zichague: objekti mbili zikipingana, nisikilize ipi?

Mwaka 2001 mwanaprogramu wa Australia, Gavin King, alianzisha Hibernate. Humo unauandika upande wa orodha kwa alama ya inverse, yaani kinyume: upande huu ni kioo tu, usisome kutoka hapa unapohifadhi. Mwaka 2006 ulitoka mwongozo rasmi wa Java kwa kazi hii, JPA, ambao Hibernate iliuathiri sana. Huo ukatumia neno mappedBy, na ukayapa majina yale mawili tunayoyatumia leo: upande mmiliki na upande wa kinyume. Ukaweka pia sharti kwamba, katika uhusiano wa mmoja kwa wengi unaoonekana kutoka pande zote mbili, upande wa wengi lazima uwe mmiliki.

Umeona kilichotokea? Kwa Bachman mmiliki alikuwa mkoa. Kwa JPA mmiliki ni wilaya. Neno ni lilelile, maana imepinduka. Zamani lilimtaja aliye juu, sasa linamtaja anayeandika. Mwanafunzi anayekutana na neno "mmiliki" bila kuijua safari hii anaelewa kama alivyoelewa Bachman, kisha anashangaa data yake inapotea. Mimi nilifanya hivyohivyo: niliongeza Mpanda kwenye kioo. Kioo kilionyesha Mpanda kwa sababu objekti ya Katavi ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nilipozima, kumbukumbu hiyo ikafutika, na jedwali halikuwa limeguswa.

Kwa wale mnaoandika programu, mambo matatu ya kushika:

1. Badilisha upande mmiliki kila mara. Ndio pekee unaofika kwenye jedwali.
2. Badilisha na upande wa kinyume pia, ili objekti zako zisipingane kabla hujazisoma upya. Njia nzuri ni kuandika kazi moja inayogusa pande zote mbili, ukaitumia hiyo peke yake.
3. Usisahau kuutaja upande wa kinyume kuwa ni kinyume. Ukiacha, zana itadhani una mahusiano mawili yasiyojuana. Hibernate kwa kawaida itakutengenezea hata jedwali la tatu, na uhusiano mmoja utaandikwa mahali pawili. Siku moja vitatofautiana, na hapo hakuna wa kukwambia kipi ni kweli.

Na uhusiano wa wengi kwa wengi? Chukulia zahanati na miradi: zahanati moja ina miradi kadhaa, mradi mmoja uko kwenye zahanati kadhaa. Hapo hakuna mwenye nafasi ya kuandika jibu moja, kwa hiyo jedwali la tatu linahitajika kweli, na mwanaprogramu anachagua mwenyewe nani awe mmiliki. Chagua ule upande ambao watu wataubadilisha mara nyingi zaidi.

Inahusu nini mtu asiyeandika programu?

Inamhusu kwa sababu taarifa za afya za nchi hii zinapita hapo. Mfumo wa DHIS2, ulioendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wa nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulienea Kenya nzima mwaka 2011, na kufikia 2013 ulikuwa umeenea katika mikoa ya Tanzania. Umeandikwa kwa Java, na unatumia Hibernate. Ndani yake zahanati, wilaya, mkoa na taifa vyote vinakaa kwenye jedwali moja, na kila mstari una chumba kinachomtaja mzazi wake. Zahanati inaitaja wilaya, wilaya inautaja mkoa. Yule mama wa MTUHA alikuwa sahihi hata kwa mfumo ambao hajaufungua ndani.

Uzuri wake ni kwamba wilaya ikihamia mkoa mwingine, unabadilisha chumba kimoja tu, na zahanati zake zote zinaifuata. Lakini kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo inayonifanya niandike makala hii.

Ukifuta "Rukwa" ukaandika "Katavi", jedwali halikumbuki tena kwamba paliwahi kuandikwa Rukwa. Data ya zamani inamfuata mzazi mpya. Chukua majirani zetu: Januari 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa kutoka Mbeya. Katika mfumo unaojumlisha kwa mzazi wa sasa, ukiomba jumla ya wagonjwa wa malaria wa Mbeya kwa mwaka 2014, wagonjwa wa Tunduma na Vwawa hawatakuwemo. Watahesabiwa Songwe, mkoa ambao mwaka 2014 haukuwepo. Ripoti iliyochapishwa wakati ule na ripoti utakayoitoa leo zitatofautiana, na zote mbili zimehesabiwa kwa usahihi. Anayepanga bajeti ya dawa kwa kulinganisha hizo mbili ataona ugonjwa umepanda au umeshuka, kumbe ni chumba kimoja kilichobadilishwa.

Sensa ilikosea kwa upande wa pili, kama naweza kusema hivyo. Takwimu za 2002 zilichapishwa kwenye karatasi, na karatasi haibadiliki. Kwa hiyo Rukwa ya 2002 ni ile yenye Mpanda, na Rukwa ya 2012 ni ile isiyo na Mpanda, jina likiwa moja. Leo ni mbaya zaidi kidogo: sensa ya 2022 ilihesabu Rukwa watu 1,540,519. Ukiiweka karibu na ile ya 2002 unaona ongezeko la kawaida tu, wala hushtuki. Kosa la 2012 lilipiga kelele. La sasa limenyamaza.

Dawa yake inajulikana. Uhusiano wenyewe upewe mstari wake, wenye tarehe:

Mpanda – Tabora – hadi 1974
Mpanda – Rukwa – 1974 hadi 2012
Mpanda – Katavi – 2012 hadi sasa

Hapo unaweza kuuliza swali kamili: Mpanda ilikuwa ya nani mwaka 2002? Na jedwali likajibu.

Ufipa inastahili jedwali la namna hii kuliko sehemu nyingi. Wakati wa Wajerumani uwanda huu uliandikwa chini ya wilaya ya Bismarckburg, ambayo boma lake lilikuwa Kasanga, kule chini kando ya Ziwa Tanganyika. Wakati wa Waingereza ukawa na wilaya yake ya Ufipa, makao yakiwa Sumbawanga. Baada ya uhuru ukawa wa Mbeya, kisha wa Rukwa. Mwaka 2012, wakati Mpanda inaondoka, Sumbawanga Vijijini nayo ilimegwa, ikazaliwa Kalambo. Mzee aliyezaliwa Matai miaka ya 1950 anaweza kuwa ameandikwa kwenye wilaya tatu bila kuhama nyumba yake. Ukitafuta rekodi zake kwa jina la wilaya ya leo, nusu hutazipata.

Kwa hiyo ukipewa takwimu za mkoa wowote, kabla hujachora grafu, uliza kwanza: siku takwimu hizi zinakusanywa, nani alikuwa ameuandika mkoa huu kuwa wake? Na kama wewe ndiye unayejenga mfumo, jipatie nusu siku ukakae na mtu anayejaza fomu zenyewe. Mimi ilinichukua dakika kumi kuelewa pale zahanati kilichonishinda kwa siku mbili ofisini.